Seva ya Chama Chumbani Kisauni: Mwongozo kwa Asiyependa Usingizi

Chama chenu pale Mishomoroni kina daftari. Ni daftari kubwa la jalada gumu, limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu, na mwekahazina hulilaza chini ya godoro. Limenyeshewa na mvua za Mei, limemwagikiwa chai, mtoto amechora gari kwenye ukurasa wa michango ya Ramadhani, na bado ukilifungua saa nane za usiku linafunguka. Halijawahi kumwambia mtu ajaribu tena baadaye. Bila shaka ni lazima liondolewe.

Mwongozo huu ni wa yule kijana, kila chama kina wake, aliyesimama kikaoni akasema "haya mambo tuyaweke mtandaoni", na kabla hajaketi akawa ameshakabidhiwa kazi. Angeweza kufungua jedwali la bure la Google, mambo yakaisha kabla mahamri hayajapoa. Lakini hayo ni ya watu wasio na makuu. Wewe unataka programu iwe yako, kwenye mashine yako, chumbani mwako, ili hesabu za kina mama wa Mishomoroni zisilale ugenini. Ni haja ya heshima, na Wakenya wana historia nayo. Programu ya Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 katika siku za machafuko ya baada ya uchaguzi, ilitolewa bure pamoja na msimbo wake, na watu wa nchi nyingine wakaichukua wakaisimika kwenye seva zao. Wao walikuwa na msiba wa taifa. Wewe una mchango wa shilingi mia mbili kwa wiki, lakini tusikatishane tamaa.

Mashine usinunue. Tafuta laptopu ya zamani ya shemeji, ile iliyopasuka kioo, kwa sababu imekuja na betri yake ndani. Stima ikipotea itaendelea kupumua nusu saa nzima, huku ruta yako ikiwa imeshakata roho, hivyo utakuwa na seva iliyo hai kabisa isiyoweza kufikiwa na kiumbe yeyote. Watakaokushauri ununue Raspberry Pi wasikilize kwa adabu. Ni kikompyuta kizuri, kinakaa kiganjani, kinakula umeme kidogo. Ila matoleo yaliyotangulia Pi 5 hayana saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika, na kadi yake ya kumbukumbu ikikatiwa stima katikati ya kuandika inaweza isiamke tena. Isitoshe ukubwa wake ni hatari nyumbani. Kitu cha ukubwa ule, kikiwaka taa nyekundu kwenye rafu, kitahamishwa na kila anayefagia.

Kuhusu stima, wakaaji wa Changamwe wasijidanganye kwa ujirani. Ni kweli mitambo ya KenGen iko pale pale Kipevu, na mtu wa Chaani angetarajia kupakuliwa kwanza. Umeme haupakuliwi hivyo. Ukitoka mtamboni unaingia gridi ya taifa, na gridi ikianguka, wa Kipevu anaanguka pamoja na wa Kisumu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukiwemo. Kama ndege zilisubiri, na Mama Mwenyekiti anaweza kusubiri kuona salio lake.

Iweke mahali penye hewa. Nasema hewa, sisemi upepo wa bahari. Wa Likoni walio karibu na Shelly Beach wanajua chumvi inavyofanya mabati na misumari, na haibagui soketi. Msimu wa kaskazi, kati ya Januari na Machi, chumba cha kupanga chenye dirisha moja hupika laptopu mpaka feni yake inalia. Watu wa nyumbani watauliza kinacholia. Waambie ni maendeleo. Betri ikianza kuvimba hadi kibodi inainuka katikati, hapo acha mzaha, izime, itoe, usiichome moto. Sisimizi nao watahamia ndani ya ruta kufuata joto. Hawa sina dawa yao.

Sasa tuje kwenye makontena, ambamo programu yako itakaa. Kabla hujaanza, chunga unayoyasema barazani. Mtaa wowote wa Mombasa bara, iwe Magongo, Port Reitz au Miritini, una mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, na habari zitamfikia.

"Nasikia umeleta makontena."

"Ndiyo, ami. Mawili."

"Futi ishirini au arobaini?"

"Hayana futi, ami. Moja la hifadhidata, moja la ukurasa wenyewe."

"Yako bandarini au yameshahamia yadi?"

"Yako ndani ya laptopu."

Ami atakuangalia kwa muda. "Na ushuru?"

"Hayatozwi ushuru, ami."

"Hebu kaa hapa," atasema, akikusogezea kiti. "Nieleze vizuri."

Mweleze, kwa kuwa kati ya watu wote mtaani yeye ndiye atakayekuelewa upesi zaidi. Alianza kazi Kilindini wakati mzigo ungali ukishushwa gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, kila shehena na mbinu yake na gengi lake la makuli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal-X ilitoka Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na masanduku 58 ya Malcom McLean, mtu wa malori aliyechoka kusubiri foleni gatini. Ndani ya sanduku weka unachotaka. Kreni haiulizi, inajua pembe nne tu. Baada ya hapo bandari zote za dunia zililazimika kujijenga upya kufuata vipimo vya sanduku, Mombasa nayo, na ndiyo maana mwaka 2016 gati jipya la makontena lilifunguliwa upande wa Kipevu. Programu za kompyuta zilikuwa bado ziko enzi ya magunia. Hii inataka toleo fulani la PHP, ile inataka toleo jingine, zikikutana kwenye mashine moja zinagombana. Machi 2013, kwenye mkutano wa waandishi wa programu huko Santa Clara, Solomon Hykes alisimama dakika chache kuonyesha kitu kinachoitwa Docker. Programu inafungwa pamoja na kila inachokihitaji, na mashine yoyote yenye Linux inaibeba bila kuuliza kilichomo.

Ami atatikisa kichwa kukubali. Usimwambie bado kwamba kontena hili halina kuta za chuma. Linaazima kiini cha Linux cha mashine iliyolibeba, na kiini hicho kinalidanganya: kinaliambia liko peke yake duniani, kwamba mchakato wake ndio namba 1, kwamba faili zote zinazoonekana ni zake. Kontena la pembeni limeambiwa hayo hayo. Ufundi wenyewe ulikuwa umeshaingizwa kwenye Linux tangu mwaka 2008. Docker iliufanya tu uweze kuendeshwa na mtu kama wewe, jambo ambalo historia italihukumu.

Hatua inayofuata ni kuandika faili la maagizo, compose.yaml. Usiliandike. Hakuna aliyewahi kuliandika. Watu wote hunakili la mwenzao, naye alinakili la mwingine, na ukifuatilia silsila unafika kwa mtu mmoja mwenye subira aliyeweka mfano kwenye maelezo rasmi. Kwenye mfano huo alijaza neno la siri la hifadhidata kuwa "example", akitumaini kila mtu atalibadilisha. Liache hivyo hivyo. Litakuwa rahisi kukumbuka, kwako na kwa wengine wote wanaosoma maelezo hayo kutoka pande zote za dunia. Angalia tu nafasi zilizo mwanzoni mwa kila mstari: faili hili linapimwa kwa nafasi, halitaki kitufe cha tabu, na nafasi moja ikizidi unapata kosa lililoandikwa kwa lugha ya majini.

Panapotakiwa toleo la PostgreSQL, hifadhidata yenyewe, andika "latest", yaani la karibuni kabisa. Linapendeza. Leo litakuletea toleo moja na kila kitu kitakwenda. Siku moja, pengine Idi, utavuta upya na karibuni kabisa itakuwa toleo jingine, ambalo litayatazama mafaili yaliyoandikwa na hili, liseme haliyajui, na likatae kuwaka. Mwenye wasiwasi huandika namba kamili ya toleo, kisha akalala. Sisi mwongozo wetu si wa wenye kulala.

Kuvuta imeji, yaani kifurushi ambacho kontena husimamishwa kutoka kwacho, kuna mila yake. Chache ni ndogo mno, Alpine haizidi megabaiti chache, lakini ile uliyochagua wewe imebeba nusu ya mfumo mzima wa Debian na itamaliza bando lako la siku ikiwa imefika asilimia 80. Ukiendelea usiku utaona neno "toomanyrequests", maombi yamezidi, ingawa umeomba mara moja. Docker Hub, ghala la imeji hizo, tangu Novemba 2020 imeweka kikomo kwa asiyejisajili, kilichoanza na imeji 100 kwa kila saa sita, na inamhesabu mtu kwa anwani yake ya IP. Anwani unayoonekana nayo duniani huenda si yako peke yako. Watoa huduma wengi hugawa moja kwa nyumba nyingi, kwa hiyo inawezekana kikomo chako kimemalizwa na kijana mwingine huko Bamburi au Kiembeni, naye akijenga seva ya chama chake. Jisajili bure uhesabiwe kwa jina lako, mkosane na huyo kwa mambo mengine.

Kisha sema: docker compose up -d. Mistari itapita, maneno ya kijani yatatokea, na ukurasa utafunguka kwenye simu yako. Piga picha ya skrini uitume kwenye kundi la chama. Hii ndiyo siku nzuri ya mradi, ifaidi.

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo vyama vinapovunjikia. Kontena ni kitu cha kutupwa. Ndiyo sifa yake. Likiharibika hulitengenezi, unalibomoa na kusimamisha jingine kutoka imeji ile ile, na linakuja jipya, safi, halijui lolote. Usafi huo ni neema kwa programu, na ni balaa kwa michango ya miezi minne. Kila kilichoandikwa ndani ya kontena kinakwenda na kontena. Kwa hiyo wenye akili hutenga volyumu yenye jina, sehemu ya diski iliyo nje ya kontena, na kuandika kwenye faili la maagizo kwamba mafaili ya hifadhidata yakae huko. Ni mistari michache. Katika faili ulilonakili haikuwepo, na wewe uliona ni urembo.

Kwa hiyo utaingiza majina ya wanachama wote, nambari za simu, mikopo, riba, faini za kuchelewa. Utabadilisha kitu kidogo, labda rangi. Utasema docker compose down, halafu up. Ukurasa utafunguka mweupe na kukuuliza, kwa upole kabisa, ungependa msimamizi wa kwanza aitwe nani.

Usipige kelele, kwa maana data bado ipo. Imeji ya PostgreSQL, ikijua watu, hujitengea volyumu yenyewe hata usipoiambia. Ni vile tu haina jina, ina mlolongo wa herufi na tarakimu 64, na kontena jipya limejitengea nyingine. Ile ya zamani iko palepale kwenye diski ikisubiri mtu wa kuitambua. Anayefuata mwongozo huu hataitambua. Atasoma mahali kwamba kuna uchafu umejaa, aandike docker volume prune, na amri hiyo, katika matoleo ya sasa, huanza na zile zisizo na jina hasa. Itakuuliza una hakika? Utabonyeza y. Itakuambia imekurudishia megabaiti kadhaa za nafasi, kana kwamba imekufanyia hisani.

Na hata aliyetenga volyumu yenye jina asicheke sana. Kuna docker compose down, na kuna docker compose down -v. Kwenye programu nyingi -v ni kuomba maelezo zaidi au namba ya toleo. Hapa ni kuzoa volyumu zote zilizotajwa kwenye faili. Haiulizi.

Tuseme umepona. Sasa unataka chama kiingie kutoka nje. Wewe ni mtu mwangalifu, umeweka ufw, ukuta wa moto wa kawaida wa Ubuntu, ukaufungia mlango 5432 wa hifadhidata. Ukuta unakuambia umefungwa. Haukudanganyi; haujui tu. Docker inapoambiwa iuchapishe mlango, huandika kanuni zake za iptables ambazo trafiki inakutana nazo kabla ya zile za ufw, na mlango unabaki wazi huku ukuta ukiapa umefungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi mtandaoni zilikombwa, zikaachiwa kijibarua cha kudai bitcoin. Hao nao walikuwa na ukurasa mzuri. Dawa ni kutouchapisha kabisa mlango wa hifadhidata, kwa kuwa makontena ya faili moja yanaitana kwa majina kwa ndani, au ukiuhitaji uufunge kwenye 127.0.0.1. Ukifanya hivyo utakosa wageni wengi kutoka mbali.

Wageni wa karibu nao watakosa kufika, ila kwa sababu nyingine. Angalia anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta yako. Ikianza na 100.64 na kuendelea hadi 100.127, uko nyuma ya mgao wa mtoa huduma. Unaweza kutoka lakini hakuna awezaye kubisha hodi. Utafanya nini? Utakodi seva ndogo ya mwezi kwa mwezi huko Frankfurt yenye anwani ya hadharani, uchimbe handaki la WireGuard kutoka kwake hadi chumbani kwako, na huko ndiko kina mama watakakobisha. Zingatia safari hiyo. Bi Mwekahazina yuko nyumba ya tatu kutoka kwako. Akibonyeza "onyesha salio", ombi lake linatoka Mishomoroni, linazama baharini, linapanda Bahari ya Shamu hadi Ujerumani, linaingia handakini, linarudi njia ile ile chini ya bahari hadi kwenye laptopu ya shemeji, na jibu linaianza safari hiyo upya. Yote hiyo ili hesabu zisilale ugenini. Zinapita tu.

Na njia hiyo ina nanga juu yake. Waya wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa Juni 2009, na SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo, tukasherehekea. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandari yetu ilitia nanga pasiporuhusiwa, ikaukata TEAMS. Februari 2024 nyaya za Bahari ya Shamu zilikatika, SEACOM ukiwemo, na inaaminika ni nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa imeshambuliwa ikawa inakokota. Siku kama hiyo Bi Mwekahazina anaweza kutembea hatua arobaini akakugongea mlango, akakuuliza salio kwa mdomo. Mfundishe njia hiyo mapema.

Chukua jina chini ya .ke, linalosimamiwa na KeNIC, na cheti cha bure cha Let's Encrypt, ambacho hudumu siku 90. Kontena la kupokea wageni, Caddy au Traefik, litakihuisha lenyewe, isipokuwa mara ile moja ambayo stima haikuwepo.

Halafu atatokea mwanachama wa kusema: "Kwa nini michango ya M-Pesa isijiandike yenyewe?" Msiba mwema huu. Tangu 2017 Safaricom ina mlango wa waandishi wa programu, Daraja, ambao malipo yakiingia hutuma taarifa kwenye anwani yako, na anwani hiyo iwe ya https na iwe hadharani. Inafanya kazi vizuri. Seva yako ikiwa imelala wakati taarifa inabisha, pesa imeingia na kitabu chako hakijui. Jumapili mtu atasimama kikaoni na simu mkononi, "Mimi nilituma, ujumbe huu hapa, niandikiwe faini kwa nini?" Wote watakugeukia. Utaeleza habari za handaki. Mwekahazina atachomoa kwenye mkoba daftari ambalo mliafikiana lilishastaafu, alambe kidole, afungue ukurasa, na kusema kwa sauti ya chini, "Yupo. Mia mbili, Jumanne."

Tukija kwenye saa, tahadhari ni kubwa zaidi pwani kuliko kwingineko. Mwekahazina anakuambia ukumbusho utoke saa mbili, maana yake asubuhi, watu wakinywa chai. Wewe kwa haraka unaandika 2:00. Kontena, lisipoelekezwa vingine, linahesabu kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Kwa hiyo maneno "Mchango wako umechelewa" yanaingia kwenye simu arobaini saa kumi na moja alfajiri, pamoja na adhana. Kuna watakaoona ni ishara. Rekebisha kwa kuandika 8:00, na kuweka Africa/Nairobi kwenye mazingira ya kontena. Africa/Mombasa haipo kwenye orodha, na malalamiko hayatakuongezea hata dakika moja.

Kumbukumbu za matukio zinazoandikwa na kila kontena, usipoziwekea mpaka, hazina mpaka. Zitajaza diski kimya kimya kwa miezi. Basi.

Nakala ya akiba. Fanya pg_dump kila usiku, na iandike kwenye laptopu ile ile, ili mwizi akija achukue vyote viwili kwa safari moja asisumbuke kurudi. Kama unaona huo ni ukarimu uliozidi, tafuta ndugu wa Mtongwe, kule Likoni. Funga nakala kwa usimbaji, itie kwenye flashi, na ampelekee mtu anayevuka. Abiria wa miguu kwenye feri ya Likoni halipi, hivyo gigabaiti 64 zinavuka mlango wa bahari bure, na wala hazipiti Frankfurt. Likitokea la kutokea upande wa Kisauni, Mtongwe wanayo. Lakini nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni uvumi. Chukua Jumamosi moja, simamisha kontena tupu, mimina nakala humo, uone kama majina yametoka. Wengi hufanya zoezi hili kwa mara ya kwanza siku wanayolihitaji, mbele ya kamati.

Kuhusu sheria, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa peke yake. Nambari za vitambulisho na madeni ya watu ni data binafsi hata zikiwa chini ya kitanda. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, unatakiwa umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mama Mwenyekiti utamjulisha lini ni uamuzi wako, na sheria hapo haikulindi.

Limebaki jambo ambalo miongozo mingine yote hulisahau. Utapata kazi. Vijana wa Kisauni wanaojua mambo haya hupata kazi, na mara nyingi ni Doha au Dubai, viza ikitoka Jumatatu unaruka Alhamisi. Seva inabaki. Mrithi wako ni mdogo wako wa kiume, ambaye anajua laptopu ile kama kitu kinachoikalia soketi pekee iliyo karibu na kitanda. Kabla ya kuondoka andika kwenye karatasi, kwa kalamu, mahali faili la compose lilipo, neno la siri la diski, flashi iko kwa nani huko Mtongwe, na kwamba -v haiandikwi kamwe. Ibandike nyuma ya mlango. Funga utepe wa gundi mwekundu kwenye plagi. Mwapishe. Wiki ya pili utakuwa kwenye basi la wafanyakazi, simu ikaita.

"Kaka, hii mashine yako ilikuwa yalia sana usiku. Nimeichomoa."

"Irudishe sasa hivi."

"Nitairudisha. Wacha kwanza Mama amalize kupiga pasi."